Papa Anagonjwa Kidogo

Siku ya kuniaga nilipostaafu uuguzi, wakubwa wa hospitali ya Kalemie walinipa saa ya ukutani na hotuba. Hotuba ilisema kama Mama Régine, ndiye mimi, hakuchelewa kazini hata siku moja. Wadogo zangu wa pavillon, wodi yetu, mulikuwa pale, mulichekea ndani ya vikombe vya soda, niliwaona. Saa yenyewe inachelewa. Nimeitundika sebuleni na tunaelewana vizuri.

Mumeniomba niandike, basi naandika. Ya vyeo siandiki, kwa kuwa vilipita mbali nami. Nitasema kazi moja tu, ile hawakutufundisha shuleni: kuambia jamaa ya mugonjwa kama moyo wa baba yao umeharibika. Dawa ina karatasi yake ndani ya karto, mutaisoma. Maneno hayana karatasi. Mimi niliambia jamaa za watu maisha yangu yote ya kazi, na zamu ya papa yangu mwenyewe ilipofika, nilitaka kitu kimoja: mudogo wangu Gaspard atoke Moba, kusini ya ziwa, amukute Papa angali hai. Ilihitaji sentensi moja kwa simu. Hebu nianze mwanzo, mutaona vile sentensi ile ilitufanyia.

Nilianza kazi na blouse nyeupe ya kazi, ya mutu mwingine. Ilikuwa ya mama munene aliyehamishwa, nikawa ninatembea na blouse inabaki nyuma. Mukubwa wa zamu alikuwa Papa Mwamba, muzee mufupi mwenye sauti ya padri na ulimi wa mulevi. Alinipa ile mpira ya kusikilizia moyo, akanipeleka kwa mugonjwa wa kwanza, akaniambia nisikilize. Nilisikiliza mpaka shingo ikauma.

“Unasikia nini, binti?”

“Moyo, Papa. Unapiga vizuri.”

“Una bahati,” akasema. “Mimi sisikii kitu. Hiyo mpira imetoboka tangu Pasaka.”

Mugonjwa alicheka mpaka akakohoa. Nilitaka ardhi inimeze. Papa Mwamba aliniambia kama kila mutu mupya anamupa mpira ile, na karibu wote wanasikia vizuri sana. Halafu akatoa nzima mufukoni. Kutoka siku ile, nikikosa kusikia nilisema sijasikia, na madokta walinizoea hivyo, wengine kwa kununa.

Vyombo vingine vya moyo vilikuwa mashini moja, ya zamani, yenye waya na vikombe vidogo vya kunyonya ngozi ya kifua. Sindano yake ilichora milima kwenye karatasi. Ilikula umeme wa mashini za maji kule Bendera kama sisi wote, na umeme wa Bendera munaujua, unakuja ukitaka. Siku moja tulikuwa tumefunga waya kwa muzee mumoja, mutoto wake mwanaume amesimama hapo anaangalia milima, umeme ukakata. Sindano ikasimama. Kijana alikuwa ameona filamu, alijua sindano ikisimama maana yake nini. Alijitupa chini akaanza kumulilia baba yake kwa majina yote. Dada zake waliokuwa nje wakaitikia. Kwa muda mufupi tulikuwa na matanga kamili, na muzee mwenyewe, vikombe kifuani, alikuwa ananiuliza: “Mama, nani amekufa?”

Umeme tunauita courant, nikamuambia ni courant. Akasema, “Pole yake.”

Sasa tuje kwa maneno. Tulipata dokta kijana kutoka Lubumbashi, mutu muzuri, mwenye bidii, aliyesema Kiswahili cha kule kwao bila aibu. Kitandani karibu na dirisha alilala Papa Ngoy, fundi wa reli aliyestaafu, na watoto wake sita wamezunguka kitanda, wote wamevaa vizuri. Dokta aliinua radio, ile picha ya ndani ya kifua, juu ya mwanga, akawaonyesha, akasema: “Baba yenu iko na moyo mukubwa. Mukubwa sana. Sijaona wa namna hii.”

Mukubwa wa watoto alivua kofia. “Asante, dokta,” akasema. “Sisi tulijua tangu zamani. Alilea hata watoto wa wenyewe.”

Binti yake akaongeza kama hata jirani mubaya alikuwa anakula kwake. Dokta alifikiri wanaleta historia ya ugonjwa, akaandika. Mimi nilikuwa kitanda cha pili na sindano mukononi, nilisikia nusu, nikafikiri nitawaeleza nikimaliza. Nilipomaliza walikuwa wameshamubeba baba yao nyumbani kwa furaha. Kwa nini abaki hospitali mutu aliyesifiwa vile? Habari ilienda mpaka kanisani. Padri aliitaja kwenye misa, radio ya Papa Ngoy, na moyo ulioonekana mukubwa hata kwa mashini.

Alirudishwa miguu imevimba mpaka viatu haviingii, na pumzi yake unaisikia toka mulangoni. Tulifanya tulichoweza. Alikufa, na watoto wake hawajatusamehe mpaka leo. “Dokta alisema moyo wake ni mukubwa,” mukubwa wao aliniambia kwenye korido. “Sasa mutu mwenye moyo mukubwa anakufa na nini, kama si ninyi?” Nilimueleza. Nilieleza vizuri sana, na nikaona usoni mwake kama kila neno nililoongeza lilikuwa ni mutu wa hospitali anayejitetea. Tukikutana sokoni anavuka barabara. Dokta alipoelewa alikaa ndani ya biro, ofisi yake, hakutoka kula. Aliniuliza: “Mama Régine, nilipashwa kusema nini?” Nikamuambia sijui, na ilikuwa kweli.

Papa Mwamba alisema neno liko: pompi. Moyo ni pompi, pompi imechoka. Alilijaribu kwa jamaa iliyofuata, nao ni watu wa reli vilevile. Wakaitika kwa kichwa, wakaelewa haraka, tukafurahi. Kesho yake akaja mutoto wa mugonjwa, fundi, na kalamu sikioni. Alitaka kujua pompi ya baba ni ya namna gani, maana yeye ana rafiki Lubumbashi mwenye vipande. Kama kipya hakipatikani atachukua cha okazioni, kilichotumika. “Nenda ukamuulize aliyeitengeneza,” Papa Mwamba akasema, akaenda kunywa chai. Neno pompi likaishia hapo kwa watu wa reli.

Halafu akaja Papa Wilondja. Huyu alitoka kaskazini ya ziwa, Mubembe, muvuvi tangu utoto, mwenye kanisa lake na nyimbo zake. Kitanda kilekile cha dirishani, ugonjwa uleule, dawa zilezile. Watoto wake waliingia na harufu ya samaki na hawakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyepashwa kusema, na kwa kuwa sikuwa na neno, niliuliza mimi: mutumbwi ukiingia maji katikati ya ziwa, munafanya nini?

Binti yake, Mama Riziki, akanitazama kama mutu anayeuliza jua linatokea wapi. “Tunatoa maji.”

“Mukichoka kutoa?”

“Tunazama.”

“Basi maji yameingia ndani ya baba yenu. Kidonge hiki kinatoa maji, njo maana atakojoa sana. Tundu lenyewe siwezi kuliziba.”

Akafikiri. “Kwa hiyo ni kutoa maji kila siku.”

“Kila siku.”

“Mpaka?”

“Mpaka mutakapochoka, ao yeye achoke.”

Hakulia. Aligeuka kwa ndugu zake akawagawia siku, nani anampa kidonge lini, sawa wanavyogawana zamu ya mutumbwi. Papa Wilondja alikojoa mpaka garde-malade, wale jamaa wanaolinda wagonjwa, wa vitanda vya jirani wakalalamika. Alitembea akatoka kwa miguu yake. Aliishi miaka, alirudi kwetu mara nyingi, kila mara akinitukana kwa kuwa kidonge kinamutoa kanisani katikati ya mahubiri. Alipokufa, alikufa kwao, na Mama Riziki alikuja na beseni la mikebuka kushukuru hospitali. Tulikula pavillon nzima. Kitanda ni kimoja, wadogo zangu. Mutoto wa Papa Ngoy anavuka barabara asinisalimie, Mama Riziki alituletea samaki. Mukiniuliza hospitali yetu ni nzuri ao mubaya, itabidi muniambie kwanza munamuuliza nani.

Nilifikiri basi kazi nimeijua. Nilikuwa nasema mutumbwi kwa wavuvi, kwa wakulima nilisema mufereji, kwa mama wa soko nilisema muzigo umemuzidi mubebaji. Ndipo Papa yangu akaanza kulala ameketi ili apate pumzi.

Papa yangu alifanya kazi bandarini, alikuwa capita, musimamizi wa wabebaji, na sauti yake ilibaki ya bandarini hata akiomba chumvi. Nilimusikiliza kifua nyumbani, juu ya kiti, na nilisikia vizuri, safari hii mpira ikiwa nzima. Nilitamani nisingesikia. Nikamupeleka kwenye pavillon yangu mwenyewe, kitanda cha pembeni. Nilimueleza ugonjwa wake kwa maneno ya bandari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Régine, usinifundishe mizigo. Sema nitakufa lini.” Nikamuambia si leo, lakini si mbali. Akasema hiyo ni jibu ya mutu wa serikali.

Shida ilikuwa Gaspard. Yeye na Papa hawakusemezana tangu kifo cha mama yetu. Na sababu yake ni simu. Mama alipokufa, muyomba wetu alimupigia Gaspard Moba akamuambia vile watu wote wanasema: “Mama anagonjwa kidogo, kuja.” Munajua sisi. Hakuna mutu wa kwetu atakuambia kifo kwa simu, usije ukaanguka njiani peke yako. Tunasema anagonjwa kidogo, na mwenye akili anafunga nguo nyeusi. Gaspard peke yake katika ziwa lote aliamini maneno kama yalivyo. Anagonjwa kidogo? Akangoja boti ya kesho kutwa, akauza kwanza samaki wake, akanunua machungwa ya mugonjwa. Alifika na machungwa, akakuta kaburi. Papa hakuwa amemungojea. Gaspard aliacha machungwa pale juu ya udongo, akarudi Moba, na toka siku ile hakukanyaga nyumba yetu.

Sasa nimekaa na simu, kazi yangu ni maneno, na sina neno. Nikisema Papa anagonjwa kidogo, maana yake amekufa. Nikisema anagonjwa sana, amekufa na tumeanza kulia. Kimya ndicho kingeonyesha kama ni muzima, lakini nikikaa kimya Gaspard hatakuja. Nilimuomba Papa aseme naye mwenyewe. Akageukia ukuta. “Simu hiyo usinipe. Aanze yeye.”

Nikapiga. “Gaspard, kuja mbio. Papa anagonjwa.” Nikaona kosa, nikaongeza: “Anagonjwa kweli.” Ikazidi kuharibika. “Gaspard, nisikilize, Papa ni muzima. Ni muzima lakini ni mugonjwa. Unanisikia?”

Akanijibu, akiniita Yaya, ndiyo dada mukubwa, kwa upole ambao sijausikia kwake tangu utoto: “Nimesikia, Yaya. Pole na wewe. Jikaze.”

Nikasema, “Hapana, usiniambie pole,” unité za simu zikaisha. Nilipopata zingine simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameshaingia ziwani.

Safari hii hakuuza samaki kwanza. Safari hii, mudogo wangu alikuwa na akili. Moba wana mbao nzuri, basi alikwenda kwa seremala, akachukua sanduku la maiti lililokuwa tayari, lenye misalaba ya shaba kila upande, akalipakia botini pamoja na shangazi yetu Mwadi na mama wawili wa kwaya, na waliimba nyimbo za kilio njia nzima, abiria wote wakiitikia. Pale bandarini Kalemie wabebaji walivua kofia. Walilibeba bure, kwa heshima ya capita wao wa zamani. Nyumbani hawakukuta turubai wala watu, jirani akawaambia, “Wako hospitali,” nao wakaelewa morgue, nyumba ya maiti. Wakaweka sanduku juu ya pusupusu, gari lile la kusukuma, wakaja.

Mimi nilikuwa napima tension ya damu. Nilisikia wimbo kwanza. Halafu mulango wa pavillon ukajaa sanduku. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kutembea walitembea. Muzee mumoja wa kitanda cha tatu alijifunika shuka mpaka kichwani, akasema kwa sauti, “Mimi sipo.”

Papa alikuwa ameketi, sahani ya bukari, ugali wetu, magotini, tonge mukononi. Aliangalia sanduku. Aliangalia Gaspard. Alitafuna akamaliza.

“Gaspard,” akasema, “hiyo ni yangu?”

Mudomo wa Gaspard ulikuwa wazi. Shangazi Mwadi alikuwa katikati ya kilio, alimuona kaka yake anameza, akasita, halafu akaendelea mpaka mwisho wa ubeti kwa sababu alikuwa ameshaanza.

“Ni fupi,” Papa akasema. “Utanikunja miguu. Wewe kupima ni kazi ulishindwa tangu shuleni.”

Hapo Gaspard akaketi juu ya sanduku lenyewe na akalia, mutu muzima mwenye boti na watoto wanne. “Yaya alisema unagonjwa,” akasema.

“Kweli nagonjwa.”

“Kwa simu, kugonjwa ni kufa.”

“Nani alikuambia?”

“Mama,” Gaspard akasema. “Kifo cha Mama njo kiliniambia. Niliamini kama ni mugonjwa tu, nikaleta machungwa. Na wewe hukuningoja.”

Yule muzee wa kitanda cha tatu alitoa sikio nje ya shuka. Papa aliweka sahani chini. Nilijua uso ule, nikafikiri sasa atatukana, nami nitakuwa nimewakutanisha kwa bure. Lakini alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya bandarini: “Morgue haikuwa na courant. Siku mbili. Mama yako alikuwa ameanza kuharibika, Gaspard. Sikutaka umuone vile. Sikutaka mutu yeyote amuone vile. Nikamuzika.”

“Hukusema.”

“Ningesema namna gani? Kwa simu?”

Mimi nilikuwa nimeishi nyumba moja na Papa miaka yote ile na sikulijua jambo hilo. Wauguzi wanajua morgue ilikosa umeme, kila mwaka inakosa, lakini sikuwahi kuliweka pamoja na mama yangu. Nilitoka kwenye veranda nikalia, na mutu wa usafi aliniambia nihame, anapitisha maji.

Niliporudi Gaspard alikuwa kitandani, kichwa chake kwenye goti la Papa, na Papa anakula bukari yake juu ya kichwa kile. Mukubwa wa pavillon alikuja kutuambia kama sanduku halina ruhusa ya kuingia wakati wa kutembelea wagonjwa. Hakuwa amekosea. Papa akauliza kama kuna mwenye kulihitaji. Kulikuwa na jamaa moja ya wakimbizi wa kambi ya Katanika, baba yao alikuwa amekufa asubuhi ile kwenye pavillon ya pili, naye pia moyo, na walikuwa wamekaa nje hawajui watamubeba na nini. “Wapeni,” Papa akasema. “Yule ana haraka kunishinda. Na kama ni mufupi, muambieni Gaspard kama amepima vizuri.” Mujane alikuja kumushukuru. Hakujua amushike mukono ao ampe pole, akafanya vyote viwili.

Gaspard alikaa siku zake, akarudi kazini. Kabla ya kupanda boti alinishika bega. “Yaya, maneno yetu yameshaoza,” akasema. “Toka leo ukinipigia kwa ajili ya Papa, mupatie yeye simu kwanza. Nikisikia sauti yake, nitakuamini kila utakachosema nyuma yake.”

Tukafanya hivyo. Kila juma nilipiga, nikampa Papa simu, naye alitoa ushuhuda wa uhai kwa namna yake. “Niko. Umevaa kofia ile ya kijinga?” Ao: “Niko. Chakula cha dada yako hakina chumvi, ningeomba unifungie samaki wa chumvi lakini anasikiliza.” Gaspard alicheka kule, Papa akanirudishia simu, ndipo mimi nasema ya miguu, ya pumzi, ya vidonge. Alikuja mara mbili tena. Mara ya pili alikuja na machungwa, na Papa akala yote, na maganda akamutupia.

Asubuhi moja, nyumbani, Papa alikunywa chai nusu, akaniambia imepoa, nikaenda kuipasha. Niliporudi nilijua kabla sijamugusa. Nilimugusa hata hivyo, nikasikiliza, maana njo kazi. Nikamufunga macho. Nikakaa chini nikalia kwanza, peke yangu, bila kupanga neno lolote la kuambia jamaa, kwa kuwa jamaa nilikuwa mimi.

Halafu nikapiga Moba.

“Gaspard,” nikasema. “Papa anagonjwa kidogo.”

“Mupatie simu,” akasema.

Nilisogea kitandani, sijui kwa nini, nikaweka simu karibu na mudomo wa Papa, nikaishika pale. Tulikaa hivyo, sisi watatu, muda mukubwa. Nilisikia boti kule upande wa Gaspard, na watu wanabishana bei. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo, ndani ya simu.

“Sawa, Papa,” alimuambia. “Nakuja.”